Upande wa Kushoto wa Bonde

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Emiliana Semboja alifunga duka lake la kuchapisha picha mjini Korogwe, akaweka begi la kamera mgongoni, akawasha pikipiki na kushika njia ya Handeni. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka saba kamili, na sasa alikuwa ameanza mwaka wa nane. Hakuwahi kuruka mwezi. Alikwenda akiwa na homa. Alikwenda hata wiki ile aliyomzika mama yake. Akishapita Sindeni aliacha barabara kubwa, akafuata njia ya udongo mwekundu mpaka kijiji cha Kwemikuyu. Juu ya kijiji palikuwa na jiwe bapa alilolichora alama tatu za rangi nyeupe. Juu ya alama hizo alisimamisha miguu mitatu ya stendi ya kamera, na ilipotimia saa moja na nusu asubuhi alipiga picha ya bonde.

Kazi ilikuwa hiyo tu. Mahali palepale, saa ileile, lenzi ileile. Utaratibu huo aliupata chuoni, alikosoma jiografia kabla ya kuuacha ualimu. Kama mpiga picha hasogei, alifundishwa, basi chochote kinachobadilika kitakuwa ni kile kilicho mbele yake.

Na bonde lilibadilika. Mwisho wa mwaka wa saba alizitandaza picha themanini na nne kwenye sakafu ya duka, mstari mmoja kwa kila mwaka, akapanda juu ya kiti kuzitazama. Katika mistari ya juu, picha ya Machi ilikuwa na kijani cha masika. Katika mistari ya chini kijani kilikuwa kimesogea mpaka Aprili, kisha Mei. Picha ya Novemba, ambayo zamani ilionyesha manyunyu ya vuli na nyasi changa, kwa miaka mitatu mfululizo ilikuwa na rangi moja na ya Septemba. Mwaka mmoja mvua zote zilikuja kwa pamoja, na mto ukaifunika mikuyu mpaka kiunoni. Watu huzungumza kila siku kwamba mvua zimeharibika. Emiliana alishuka kwenye kiti akijua kwamba yeye hana haja ya kuzungumza. Alikuwa na ushahidi wa kujaza sakafu.

Kila mwaka alizichukua picha zake kumi na mbili akatengeneza kalenda. Chini ya kila picha aliandika: Bonde lote la Kwemikuyu. Kalenda hizo ziliuzwa Korogwe, Segera na Handeni, na zilitundikwa katika ofisi nyingi. Watu walizipenda kwa sababu hazikuwa na nguzo ya umeme, wala paa la bati, wala mtu. Hilo halikutokea kwa bahati. Picha ya asili, kwa imani ya Emiliana, ilikuwa ni ile ambayo mtu hajaingia.

Lakini bondeni mtu alikuwamo. Upande wa kushoto, kwenye mteremko, Bibi Mwaija alilima mahindi na choroko. Alikuwa mjane mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini, na shamba lile aliachiwa na mumewe bila karatasi yoyote, kama wenzake wengi pale. Ili kufukuza ndege alikuwa amefunga mikanda ya kaseti kuukuu kutoka mti hadi mti, ikimetameta na kuvuma upepo ukipita. Mwaka wa kwanza kabisa Emiliana alitazama kwenye kamera, akaiona mikanda ile, akakunja uso. Aliigeuza kamera kidogo kuelekea kulia mpaka shamba likatoka. Baada ya hapo ndipo alipochora alama zake tatu juu ya jiwe.

Akimaliza kupiga picha alishuka kwa Bibi Mwaija kunywa chai ya mchaichai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshalipiga?"

"Nimeshalipiga."

"Limekaaje leo?"

"Limekauka."

"Hilo nimeliona tangu alfajiri, na kamera sina." Bibi alimsogezea kikombe. "Na mimi utanipiga lini?"

"Mimi napiga asili, Bibi."

"Ahaa. Kumbe mimi nilinunuliwa Segera."

Walicheka wote wawili, mwezi baada ya mwezi, kwa maneno hayohayo au yanayofanana nayo.

Mvua zilipoanza kuchelewa, Bibi Mwaija naye alianza kuhama. Kule mteremkoni mahindi yalikuwa yanakauka kabla ya kufika magotini. Mwaka wa nne alipanda mistari michache chini zaidi, kwenye udongo unaoshika unyevu. Mwaka wa tano akaongeza mingine na kuliacha shamba la juu lirudi kuwa pori. Mwaka wa sita akafika kando ya mto. Alikuwa anayafuata maji, hatua kwa hatua, na maji yalikuwa ndani ya picha.

Emiliana aliligundua jambo hilo dukani, mbele ya kompyuta. Pembeni kushoto, pale palipokuwa na nyasi kwa miaka mitano, palikuwa na mistari ya mahindi, na juu yake uzi mweusi wa kaseti. Hakuweza kuisogeza kamera, kwa maana mfululizo wote ungevunjika. Kwa hiyo alichukua kipande cha nyasi kutoka katikati ya picha, akakipandikiza juu ya mahindi. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Mwezi uliofuata akafanya tena. Kwa miaka miwili alifuta mahindi ya Bibi Mwaija katika picha kumi na moja. Zile zisizoguswa, kwa kuwa alikuwa mtu wa mpangilio, alizihifadhi kwenye faili aliloliita Ghafi, wala hakulifungua tena.

Januari ya mwaka wa nane, mradi ulitangazwa. Bonde la Kwemikuyu lingetengwa kuwa hifadhi ya kijiji, na kijiji kingelipwa kila mwaka kwa kutokata miti wala kulima humo. Malipo ya kwanza yangejenga madarasa mawili. Mtaalamu wa mradi, kijana mpole aliyeitwa Jacob, alikuwa ameliona bonde hilo kwenye kalenda, ofisini kwa mtu, Handeni. Alifika dukani kwa Emiliana akiwa na furaha ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Dada, miaka saba? Kila mwezi? Hata sisi hatuna kitu kama hiki."

Aliomba picha zote. Emiliana alimpa zile za kalenda, themanini na nne, kwenye flashi. Jacob alimletea fomu. Fomu ilisema kwamba picha hizi zinaonyesha bonde lote na kwamba hazijabadilishwa. Emiliana aliisaini akiwa amesimama, huku mteja wa picha za pasipoti akimngoja kwenye stuli, kola imeshanyooshwa. Jacob alimwambia kwamba mradi utahitaji mtu wa kuendelea kupiga picha hizo kwa miaka kumi mingine, na kwamba haoni mtu mwingine zaidi yake.

Mwezi wa sita Bibi Mwaija alimpigia simu. Simu yenyewe ilikuwa ya jirani yake, Tatu.

"Mwanangu, nimeambiwa sijawahi kulima."

"Nani amesema hivyo, Bibi?"

"Picha zako."

Kikao cha kuamua mipaka ya hifadhi kilifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mbele walikaa Mzee Muhsin, mwenyekiti wa kijiji, na Jacob mwenye kompyuta. Kanuni ilisomwa mara mbili ili kila mtu aielewe. Shamba lililokuwa likilimwa kwa miaka miwili kabla ya mradi kutangazwa lingebaki kwa mwenyewe. Lililoanza kulimwa baada ya hapo lingeingia hifadhini. Ushahidi wa ndugu na majirani haukupokelewa, kwa sababu katika vijiji vingine watu walikuwa wamepanda haraka haraka waliposikia mradi unakuja, kisha wakashuhudiana.

Bibi Mwaija alisimama. Alikuwa amekuja na jembe lake, limelika mpaka likabaki na upana wa kiganja.

"Hili jembe limelika Januari?" aliuliza.

Watu walicheka kidogo. Mtu wa nyuma akasema, "Bibi, hilo jembe limepigana vita ya Wajerumani." Kicheko kikawa kikubwa.

"Cheka," Bibi alimjibu. "Mama yako alikuja kuliazima, akalirudisha bila mpini." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Muhsin, Ramadhani ya mwaka juzi ulifuturu kwa mahindi yangu. Wewe na watoto wako."

Mzee Muhsin aliinamia karatasi zake. "Mahindi nilikula, Bibi, na ahsante. Yalikolimwa sikuuliza."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Kila mtu mle ndani alijua yalikolimwa. Lakini madarasa yalikuwa mawili, watoto walikuwa wengi, na mradi ulitaka kando ya mto yote ipatikane bila kukatika katikati. Watu walitazama nje ya dirisha. Hakuna aliyemchukia Bibi Mwaija. Walingoja tu picha ziseme kile ambacho wao hawakutaka kukisema kwa midomo yao.

Jacob alimwita Emiliana mbele.

"Wewe ndiye uliyepiga hizi?"

"Ndiyo."

"Zinaonyesha bonde lote?"

"Hapana," Emiliana alisema. "Juu kushoto hapaonekani. Kamera haikufika. Bibi alikuwa na shamba pale tangu siku nilipoanza kuja."

Bibi Mwaija aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Jacob aliandika.

"Hilo la juu Bibi mwenyewe ametuambia aliliacha. Limekuwa pori. Anadai la chini, kando ya mto. Hapo panaonekana kwenye picha?"

"Panaonekana."

"Basi nitakuuliza swali moja tu, dada, na tumalize. Katika picha zako za miaka miwili iliyopita, iko hata moja inayoonyesha mazao hapo?"

Swali lilikuwa limekaa vizuri. Emiliana aliliona umbo lake lote kwa mara moja. Akisema ndiyo, ataulizwa iko wapi, na itabidi aseme alichofanya. Picha kumi na moja zitaanguka, na zikianguka hizo hakuna atakayeamini zile sabini na tatu: wala masika yaliyohama, wala vuli iliyokufa, wala mto uliofika kiunoni mwa mikuyu. Miaka saba itakuwa kazi ya mwanamke muongo wa Korogwe mwenye kompyuta. Aliifikiria fomu aliyoisaini. Aliifikiria ile miaka kumi. Alijiambia kwamba swali linahusu picha zilizoko kwenye flashi, na kwamba katika picha zilizoko kwenye flashi jibu ni moja.

"Hapana," alisema.

Bibi Mwaija hakupiga kelele. Alimtazama Emiliana kwa mshangao wa kawaida kabisa, kama mtu aliyeambiwa kwamba leo si siku aliyodhani. "Labda kamera haikuona vizuri, mwanangu," alisema kwa sauti ya kumsaidia. "Si ulisema ni ya zamani?"

Muhtasari wa kikao, ulioliingiza shamba la kando ya mto hifadhini, ulisainiwa saa sita mchana. Bikoni za mpaka zingewekwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Siku nne Emiliana alifungua duka na kufanya kazi. Alipiga picha za pasipoti, akachapisha kadi za harusi. Siku ya tano alifungua faili la Ghafi. Mahindi yalikuwamo, mistari tisa, yamenyooka kuliko mistari ya mtu yeyote bondeni. Alipoziweka picha hizo mahali pake katika mfululizo, aliona jambo ambalo kalenda zake zote hazikuwahi kulionyesha. Kijani cha masika kilirudi nyuma kuelekea mtoni mwaka hadi mwaka, na mahindi yalirudi pamoja nacho. Hapo ndipo mabadiliko yote ya misimu yalipokuwa yameandikwa kwa mkono wa mtu, na hapo ndipo alipokuwa amepaka nyasi.

Alikwenda Handeni siku hiyohiyo. Jacob alimkaribisha ofisini, akaangalia picha mbili zikiwa bega kwa bega, moja yenye nyasi na nyingine yenye mahindi. Aliangalia muda mrefu.

"Ipi ni ya kweli?"

"Hii yenye mahindi. Niliyafuta."

"Kwa nini?"

"Yaliharibu picha."

Jacob alijisugua macho. Hakukasirika, na Emiliana angependa akasirike. "Dada Emiliana, ulisaini kwamba hazijabadilishwa. Ukaulizwa mbele ya kijiji kizima, ukasema hapana. Leo unaniletea nyingine. Na wewe kazi yako ni kutengeneza picha. Nikiulizwa kama mahindi haya umeyapandikiza jana dukani, nijibu nini?"

"Faili lina tarehe."

"Tarehe ya kompyuta hata mimi naweza kuibadilisha, hapa hapa nilipokaa." Alizifunga picha zote mbili. "Nitakueleza ninachoweza kufanya. Picha zako zote nitaziondoa kwenye ripoti. Muhtasari wa kijiji siwezi kuuondoa. Ni wa kijiji, umesainiwa. Bibi anaweza kukata rufaa, na mimi nitamwandikia barua ya kumsaidia. Lakini rufaa ni ya miezi, na bikoni ni Jumatatu."

"Sasa picha zimesaidia nini?"

"Hazijasaidia," Jacob alisema. "Na hiyo kazi ya miaka kumi, utanisamehe. Naomba usije tena na kamera mle hifadhini."

Jumapili Emiliana alikwenda Kwemikuyu bila begi mgongoni. Hakupanda kwenye jiwe. Alishuka moja kwa moja mtoni, akamkuta Bibi Mwaija katikati ya shamba akivunja mahindi. Yalikuwa bado mabichi, ndevu hazijakauka. Masika yalikuwa yamechelewa tena, na mahindi yalihitaji wiki tatu ambazo hayakuwa nazo. Yangeuzwa Segera, ya kuchoma, kwa watu wa mabasi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Nishikie gunia, Tatu ameahidi tangu asubuhi na simwoni."

Emiliana alishika gunia. Bibi alivunja na kutupa, akavunja na kutupa. Alikuwa na haraka lakini hakukosea mdomo wa gunia hata mara moja. Walimaliza mstari mmoja na nusu hivyo, na Emiliana akaona kwamba akingoja mpaka mwisho wa shamba hatasema kabisa.

"Bibi, siku ile niliulizwa kama mahindi yako yamo kwenye picha. Yalikuwamo. Niliyafuta mimi mwenyewe."

Bibi Mwaija alilivunja hindi alilokuwa amelishika. "Uliyafuta na nini?"

"Na kompyuta."

"Ukaweka nini?"

"Nyasi."

Mkono wa Bibi ulisimama juu ya bua. "Ulifuta ya mwaka gani?"

"Ya mwaka juzi. Na ya mwaka jana."

"Ya mwaka jana sawa," Bibi alisema baada ya kufikiri. "Mwaka jana viwavi waliyala, hayakuwa ya kutazamwa. Lakini ya mwaka juzi." Alilipapasa bua. "Ya mwaka juzi yalikuwa mazuri. Niliyapalilia mara tatu, na mgongo huu. Yalikuwa yamepita kichwa changu. Mume wangu hakuwahi kupata mahindi kama yale, na mvua wakati wake zilikuwa mvua."

"Nimekwenda Handeni, Bibi. Nimewaonyesha zile za kweli. Hawakunisikiliza."

"Wangekusikiliza siku ile."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimekaa pale. Nilisema, huyu ni mtu wetu, huyu anakunywa chai kwangu." Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, kama anayehesabu vitu vilivyobaki ghalani. "Nikamwambia hata Tatu, usiogope, Emiliana yupo."

Juu ya vichwa vyao mkanda wa kaseti ulivuma upepo ukipita, ndege wakaruka wakatua palepale. Hawakuwa wakiuogopa tena.

Bibi Mwaija alirudi kazini. Alikamata bua, akavunja hindi, akatupa. Aliumaliza mstari, akaingia mwingine, bila kumtazama.

"Gunia hili likijaa," alisema, "uondoke. Usishuke tena huku."

Emiliana aliupanua mdomo wa gunia kwa mikono miwili. Lilikuwa bado halijafika nusu.